Mbao za makumbi na mitungi: mbona zinavimba?

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia jambo moja: kuchanganya plastiki iliyotupwa na masazo ya mimea ili kutengeneza mbao, mabenchi na vigae. Nimefurahi mno. Mombasa haina uhaba wa plastiki chakavu, na mtu akitembea Kongowea jioni atakuta makumbi ya nazi na ya madafu yamerundikwa yakingoja kupelekwa jalalani Mwakirunge. Kuna kazi ya kweli hapa. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu walioiandika walinitumia na kipande cha ubao wenyewe.

Shikamoo Bi Fundi. Sisi ni vijana wa Likoni. Tunasaga mitungi ya mafuta ya kupikia, tunaiyeyusha pamoja na makumbi, tunajaza kalibu ya chuma na kuibana kwa jeki ya lori. Mbao zinatoka na sura nzuri, lakini masika yakifika zinavimba kwenye ncha, nyingine zinapinda, na tukizikata tunakuta matundu ndani. Mteja aliyenunua benchi anataka arudishiwe pesa zake. Kuna mtu ametushauri tuongeze makumbi, yawe nusu kwa nusu na plastiki, ati ndipo ubao utakuwa na nguvu. Tufuate?

Marahaba wanangu. Msifuate. Ushauri huo utawaharibia zaidi, na nitawaeleza sababu kwa kutumia ubao wenu wenyewe.

Kipande mlichonitumia nilikibana kwenye vaisi nikakipiga nyundo mpaka kikavunjika, halafu nikapatazama pale kilipovunjikia kwa lenzi. Nyuzi za makumbi zimetokeza nje zikiwa nzima, safi, hazina hata chembe ya plastiki iliyozigandia. Upande wa pili pana vitundu vya mviringo, laini kwa ndani, pale zilipochomoka. Kwa hiyo nyuzi zenu hazikukatika, zilichomoka. Zilikaa ndani ya plastiki bila kushikamana nayo. Halafu kando ya nyuzi hizo kuna mapovu, mengine upana wa milimita mbili au tatu, na katikati ya ubao kuna mabonge ya unga wa kahawia unaofukuka ukiukwaruza kwa kucha. Mambo matatu hayo, na yote yanarudi kwenye maji.

Tuanze na mapovu. Makumbi yaliyoanikwa Mombasa ukiyashika utasema yamekauka, lakini kwa hewa yetu ya bahari bado yana kama asilimia 10 ya maji ndani. Mkiweka kilo kumi za makumbi, mmeweka pia lita moja ya maji. Lita hiyo ikigeuka mvuke inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600, na mnaichemsha ndani ya plastiki nzito isiyo na pa kuupitishia. Mvuke unabaki humo humo, na hayo ndiyo matundu yenu. Kuanika juani ni hatua ya kwanza tu. Baada ya hapo yawekeni kwenye tanuri la nyuzi joto 100 hadi 105, mpime uzito, myarudishe, mpime tena, mpaka mizani isibadilike. Yakitoka, yatieni kwenye pipa lenye mfuniko wa kubana na myatumie siku ile ile, maana yakilala wazi yatafyonza unyevu upya.

Ule unga wa kahawia ni chenga za kumbi. Kumbi la nazi, kwa makadirio, theluthi moja tu ndiyo uzi. Zilizobaki ni chenga, na chenga zinanyonya maji mara kadhaa ya uzito wake. Ndiyo sababu wenye vitalu vya miche wanazipenda. Katika ubao ni sumu. Pigeni makumbi, mchekeche, uzi uende kwenye mashine na chenga mwauzie watu wa miche. Na kama mnanunua makumbi yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya kusokota kamba, yaosheni kwa maji baridi ya mfereji zaidi ya mara moja, kwa sababu chumvi iliyobaki ndani inavuta unyevu wa hewa hata ubao ukiwa kivulini.

Sasa kule kuchomoka. Uzi wa mmea unapenda maji. Plastiki ya mitungi kwa asili yake inayakataa, kama mafuta. Ukiviyeyusha pamoja hivi hivi havishikani. Viwandani hutiwa kiunganishi, yaani plastiki ya aina ile ile iliyopandikizwa kemikali iitwayo maleiki anhidraidi, kiasi cha asilimia 2 hadi 5. Upande mmoja wa kiunganishi hicho unashika uzi, upande wa pili unayeyuka ndani ya plastiki. Nguvu ya ubao hupanda waziwazi, na maji hupungukiwa na njia ya kupita kati ya uzi na plastiki. Kama hamkipati, lowekeni nyuzi kwenye kostiki soda ya asilimia 5 kwa saa chache, mzioshe mpaka maji yasiteleze tena vidoleni, mzikaushe. Soda inaondoa nta na kuufanya uzi uwe na mikwaruzo ya kushikia. Vaeni glavu na miwani, na soda ndiyo iingie kwenye maji, kamwe msimwage maji juu ya soda.

Nije kwenye nusu kwa nusu. Watu wanachanganya nguvu na ukakamavu. Ukitia nyuzi, hata zisiposhikamana vizuri, ubao unakuwa mkakamavu zaidi, haupindi haraka. Lakini uwezo wake wa kuhimili kuvutwa mara nyingi hauongezeki, hushuka, mpaka kuwe na kiunganishi. Na uwezo wa kutanuka kabla ya kukatika hushuka sana hata kiunganishi kikiwapo. Mkifika nusu ya uzito, plastiki haitoshi tena kuufunika kila uzi. Nyuzi zinagusana, moja hadi nyingine, kutoka ukingo mmoja wa ubao hadi wa pili, na maji yanazifuata hizo hizo. Bakini kati ya asilimia 20 na 30 mpaka mtakapopata mashine bora na kiunganishi.

Benchi la yule mteja liliniumiza roho, kwa hiyo nimepiga hesabu. Ubao wa upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita 2.5, ukilazwa juu ya mihimili miwili iliyoachana mita moja, ukatundikwa mtungi wa maji wa lita 20 katikati: ubao wa paini utashuka milimita tatu au nne. Wa plastiki tupu ya mitungi utashuka karibu sentimita tatu. Ukitiwa nyuzi vizuri ukakamavu wake ukawa maradufu, utashuka kama sentimita moja na nusu. Bado ni mbali sana na paini. Hapo simhesabii mtu anayekaa kutwa, kwa sababu plastiki ikibebeshwa mzigo inaendelea kushuka polepole siku baada ya siku, na jua la Mombasa linaiharakisha. Lakini sogezeni mihimili iachane sentimita 40 tu, na hata ule wa plastiki tupu utashuka milimita mbili. Kushuka kunafuata urefu mara tatu: ukipunguza mwanya nusu, unapunguza kushuka mara nane. Unene nao ni hivyo hivyo. Kwa hiyo benchi lenu halikuhitaji makumbi zaidi, lilihitaji miguu zaidi.

Kupinda kunatokana na kutoa ubao kwenye kalibu kabla haujapoa. Plastiki hii inasinyaa asilimia 2 hadi 4 inapoganda, na upande uliopoa kwanza unauvuta wa pili. Acheni jeki imebana mpaka kalibu ishikike kwa mkono. Ncha mlizokata kwa msumeno ni milango iliyo wazi, kwa sababu kila uzi uliokatwa unanywa maji kwa ncha yake; zigandamizeni kwenye bamba la chuma lenye moto mpaka plastiki izifunike. Rangi haitawasaidia, haishiki vizuri juu ya plastiki ya aina hii. Na mkipigilia ubao wa mita mbili, acheni nafasi ya sentimita moja mwishoni, matundu ya skrubu yawe marefu kidogo, kwani kutoka usiku hadi adhuhuri ubao wa namna hii waweza kurefuka milimita kadhaa.

Kabla ya kuuza tena, kateni vipande vidogo, vipimeni kwa mizani ya sonara, vitumbukizeni majini saa 24, vifuteni, vipimeni tena. Uzito ulioongezeka ugawanyeni kwa uzito wa kwanza, mzidishe kwa mia. Nambari hiyo iandikeni kwenye risiti ya kila mteja. Na huyu wa benchi mrudishieni pesa zake.

Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi katika chuo kimoja hapa Mombasa. Vitabu vinasema uzi wa mkonge una nguvu kama mara tatu ya uzi wa makumbi, lakini vipande tulivyopima karakana, mkonge na makumbi ndani ya plastiki moja, vimetoka karibu sawa. Tumekosea wapi? Na makapi ya mpunga je, yanafaa?

Marahaba mwanangu. Huenda hamkukosea popote, na swali lako ndilo bora kabisa katika barua za mwezi huu.

Vitabu vinasema kweli. Uzi wa mkonge huvumilia kuvutwa kwa kati ya megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 400 na 700 hivi, wa makumbi kati ya 130 na 220. Mkonge una selulosi, kile kinachoupa uzi nguvu, karibu theluthi mbili. Makumbi yana lignini, gundi ya asili ya mmea, zaidi ya asilimia 40. Lakini nguvu hiyo ni ya uzi mmoja ulioshikwa ncha mbili na kuvutwa. Ndani ya plastiki hakuna anayeushika ncha. Plastiki inaushika mbavuni, kwa mshikamano wa juu ya ngozi yake tu, na uzi ukiwa mfupi mno mshikamano huo unaachia kabla uzi haujafikia kukatika. Kila mfumo una urefu wa chini ambao uzi lazima uuvuke ndipo nguvu yake itumike. Mshikamano ukiwa dhaifu, urefu unaotakiwa unakua. Nyinyi bila shaka mlikata mkonge, mkaupitisha kwenye mashine ya parafujo, ile inayokoroga na kusukuma plastiki iliyoyeyuka, ikauvunja tena, na hamkutia kiunganishi. Mkonge wenu ulichomoka ukiwa bado na nguvu zake zote, sawa na makumbi yalivyochomoka. Mkaishia kupima plastiki.

Yeyusheni plastiki ya vipande vyenu vilivyovunjika kwa kiyeyushi kilichopashwa moto, yaani dawa ya kuyeyushia plastiki, mzitoe nyuzi na kupima urefu wake wa sasa chini ya hadubini, si ule mliokata kwa mkasi. Kisha rudieni jaribio mkiwa na kiunganishi, na mkonge uliolazwa upande mmoja badala ya kutawanywa ovyo. Hapo tofauti itajitokeza. Ila msirefushe kupita kiasi mkitumia mashine, nyuzi ndefu husokotana mabonge.

Makumbi msiyadharau. Uzi wa mkonge hutanuka asilimia 2 au 3 kisha unakatika. Wa makumbi hutanuka asilimia 15 na kuendelea. Penye kugongwagongwa, kama kreti za sokoni, mimi ningechagua makumbi, na penye kubeba mzigo ningechukua mkonge. Mashamba ya Vipingo yako karibu nanyi, na katika kuchambua jani la mkonge uzi mrefu ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Zile nyuzi fupi zinazobaki na majimaji hazifai kamba, lakini kwa kazi yenu zinafaa kabisa zikioshwa.

Makapi ya mpunga mliyoyataja mwishoni mwa barua yanafaa pia, na hayanyonyi maji sana kama chenga za kumbi. Tahadhari yake ni kwamba yana silika nyingi, yaani chembe ngumu kama mchanga, na yataila parafujo ya mashine. Maganda ya korosho yaacheni, mafuta yake yanababua ngozi.

Bi Fundi, hujambo. Kikundi chetu huokota plastiki ufuoni Nyali na Bamburi. Nyingi ni chupa za maji. Je, tunaweza kuzifanya mbao kwa makumbi kama wanavyofanya wengine?

Sijambo, na Mungu awazidishie nguvu. Chupa za maji na soda hapana. Plastiki yake ni PET, yenye namba 1 ndani ya pembetatu chini ya chupa, nayo huyeyuka karibu nyuzi joto 250. Nyuzi za mimea zinaanza kuungua kuanzia kama 200. Kabla chupa haijayeyuka, makumbi yamekwisha kuwa masizi. Ziuzeni chupa kwa wanunuzi wake. Mbao zitokane na namba 2, mitungi na chupa za sabuni, inayoyeyuka karibu nyuzi joto 130, au namba 5, viti na mabeseni mengi, karibu 160. Msizichanganye hizo mbili katika kalibu moja, hazishikani vizuri zikiganda na ubao utapasukia kwenye maungio yake.

Namba ikiwa imefutika, kateni kipande mkitumbukize kwenye ndoo ya maji na tone la sabuni. Namba 2, 4 (plastiki laini ya kufungia vitu) na 5 huelea. PET na PVC huzama. PVC, yaani mabomba ya kijivu na baadhi ya nyaya, iogopeni. Ikipata moto inatoa gesi ya asidi inayochoma mapafu na kula chuma cha mashine. Msiiyeyushe, msiichome.

Ya ufuoni ina shida nyingine. Mtungi uliokaa juani miaka umeshaliwa na jua, unameguka ukiukunja. Kunjeni kipande kabla ya kukisaga. Kikifanya mstari mweupe na kupasuka, kisizidi sehemu ndogo ya mchanganyiko, kilichobaki kiwe cha mitungi mizima. Na osheni mchanga wote.

Dada, nimeuziwa kibao cha kukatia mboga na rafu ya jikoni za plastiki na makumbi. Ni salama?

Rafu sawa, ilimradi isikaribie jiko, kwa sababu inashika moto na hudondosha matone yanayowaka. Kibao cha kukatia usikitumie kwa chakula. Hakuna anayejua mitungi ile ilibeba nini kabla ya kusagwa, na ukikikata kwa kisu unafungua nyuzi zinazoshika maji na kuota ukungu. Kiweke chini ya sufuria ya maua.

Asalaam aleikum binti yangu. Mimi ni fundi wa mashua, Mji wa Kale. Mbao za mvule na mwembe zimekuwa ghali. Nimeona lile jahazi la plastiki la Lamu. Hizi mbao za makumbi naweza kuzifanya mbao za ubavu?

Waaleikum salaam, shikamoo mzee wangu. Jahazi la Flipflopi lilishushwa majini Lamu mwaka 2018, urefu wa kama mita tisa, ubavu wake ukiwa umevikwa kandambili zilizookotwa, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Limetuonyesha kwamba plastiki iliyotumika inaweza kwenda baharini mikononi mwa mafundi wanaojua kazi. Halijatuonyesha kwamba ubao wa makumbi unaweza kukaa chini ya maji.

Nakupa sababu ya kifundi. Plastiki ya mitungi ni nyepesi kuliko maji, lita moja ya plastiki ni kama gramu 950. Uzi wa makumbi ni mzito kuliko maji, gramu 1,150 na zaidi. Ukitia asilimia 30 ya makumbi, ubao usio na mapovu unakaribia uzito wa maji ya bahari. Unaelea kwa shida. Ukishafyonza maji, unazama. Mashua ya mwembe ikivunjika, ubao wake bado utamshika mtu juu, huu hautamshika. Tena haupindiki kwa moto ukabaki kwenye umbo lake chini ya mzigo kama unavyozoea, na msumari ukipigwa karibu na ukingo unaupasua.

Kwa ubavu, mkuku na mataruma, baki na mti. Pale ningekuruhusu ni sakafu ya ndani inayotolewa na kuanikwa, vizuizi vya kando vinavyogongana na gati, na masanduku ya samaki, ilimradi samaki na barafu vikae kwenye mifuko yake. Ukitaka uhakika, kata vipande viwili vya ukubwa mmoja, kimoja uking'inize kwa kamba gatini kikae chini ya maji wakati wote, cha pili kiwe pale maji yanapojaa na kupwa. Vipime uzito kila wiki mpaka visiongezeke tena, kisha uvivunje na kipande kikavu ubavuni mwake. Andika tarehe na uzito kwa kalamu ya wino, uniletee; nitazichapa hapa mafundi wa Lamu na Vanga nao wazisome.